Sinema ya Mama Frida

Wazo la sinema lilikuwa la Frida. Alikuwa muuguzi Arusha, mwaka wa saba sasa, na Agosti ile ya 2023, mavuno yalipokwisha, aliwaita wazazi wake wakae naye wiki moja wapumzike. Baba yake, Xavery, alikubali kwa shingo upande. Mama yake, Perpetua, alianza kufungasha siku tatu kabla: maharage, samli, na jogoo mmoja aliyepiga kelele kwenye basi kutoka Katesh hadi Minjingu, ndipo akanyamaza.

Siku ya nne Frida aliwapeleka kwenye jengo kubwa la maduka. Huko juu, ghorofa ya pili, kulikuwa na sinema, na si ukumbi mmoja bali kumbi nne chini ya paa moja, kila ukumbi na picha yake. Frida alikuwa na zamu mchana huo. Akawanunulia tiketi, bisi na soda, akawaingiza mpaka kwenye viti vyao, akasema, "Nitawafuata saa kumi na moja. Mkitoka nisubirini pale mlangoni." Akaondoka.

Xavery sinema aliijua, au alidhani anaijua. Miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa kila mtu afanye awezalo, Katesh ilipata banda la video: televisheni moja, jenereta nje, mabenchi, na watu wakimpigia kelele mpiganaji kwamba adui yuko nyuma yake. Huku haikuwa hivyo. Huku giza lilikuwa giza kweli, kiyoyozi kilipuliza baridi kama ya Juni kule chini ya mlima Hanang, na mtu akikohoa watu wanamgeukia. Pembeni yake Perpetua alikaa ukingoni mwa kiti, bisi mapajani, bila kuzila.

Picha yenyewe ilihusu mwanamke mzee wa Kizungu na farasi. Walikuwa wanatembea kwenye barafu. Wanakwenda wapi, Xavery hakuelewa, kwa sababu yule mwanamke alikuwa anasema Kiingereza, tena kidogo. Yeye alikuwa amemaliza soda yake yote, ile kubwa, maana soda iliyolipiwa haimwagwi. Na hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwa mwaka mzima mkojo ulikuwa unamsumbua. Hakumwambia mtu, hata huyo binti yake muuguzi. Nyumbani haikuwa taabu, shamba lilikuwa kubwa. Lakini hapa alikuwa katikati ya safu, watu huku na watu huku, hajui mlango wa kutokea unaelekea wapi, na hajui amuulize nani. Akabana miguu. Akasali. Mwanamke wa kwenye picha alifika kwenye mto mpana ulioganda, akasimama, akamtazama farasi, na ukumbi mzima ukatulia. Xavery akaona hawezi tena.

"Mama Frida, inuka. Twende."

"Bado, Baba Frida. Yuko mtoni."

"Nimesema inuka. Upuuzi gani huu, watu wazima kukaa gizani kutazama farasi wa watu!"

Alisema kwa sauti. Watu wakageuka. Perpetua aliinuka, akamfuata mumewe kati ya magoti ya watu, lakini alitembea kinyumenyume, macho kwenye picha, mpaka mlango ukafungwa.

Xavery alishuka zile ngazi mbio, akavuka eneo la kuegesha magari, akaenda nyuma ya ua wa michongoma. Aliporudi alimkuta mkewe amesimama kwenye jua, amekumbatia bisi zake.

"Mliionaje?" Frida aliuliza alipowafuata.

"Baridi, giza na kelele," Xavery alijibu. "Na hizo bisi kikombe kimoja ni nusu debe la mahindi. Hata nikipelekwa bure siendi tena."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimeipenda," alisema Perpetua. Hakuongeza kitu.

*

Aliongeza walipofika nyumbani Jorodom, kando ya mji wa Katesh. Jirani yao Natalia, mjane wa rika lake, alikuja kupokea habari za safari, na Perpetua akaanza kusimulia. Kesho yake wakaja wanawake wengine wawili. Wiki ya pili mwalimu Bryson naye akaanza kuja, kijana wa Kagera aliyepanga chumba kwa Natalia, akitoka shuleni na madaftari yake kwapani. Kila Jumamosi alasiri, wakipukuchua mahindi uani, walitaka kipande kingine.

Kwanza walitaka ukumbi, kabla hata ya picha. Viti vikoje? Vinainama nyuma, mtu analala. "Sasa watu hawasinzii?" Natalia akauliza. "Mimi ningekoroma kabla haijaanza." Mwanamke mmoja alisema mahali pa giza ambapo wanaume na wanawake wasiojuana wanakaa bega kwa bega si mahali pa Mkristo. Mwalimu Bryson alikuwa amewahi kuingia sinema ya namna hiyo Dar es Salaam alipokuwa chuoni, akasema kinachomfurahisha mtu ni sauti, inamzunguka mpaka anageuka kuona nani amepita nyuma yake. Perpetua akasema ndivyo, aligeuka mara tatu.

Halafu akawapa ile safari ya barafu. Xavery alikuwa anakaa pembeni, anachonga mpini wa jembe, na alistaajabu. Alikuwa amekaa kiti cha jirani na mwanamke huyu, na hivi anavyovisema yeye hakuviona. Barafu aliifananisha na ile mvua ya mawe iliyowahi kulala kwenye ngano mpaka asubuhi. Mzungu alimgombeza farasi Kiiraqw, kwa maneno ambayo mama yake Perpetua alikuwa akimgombezea ng'ombe mvivu. Farasi alikuwa wa kurudishwa kwa watu aliozaliwa kwao, alisema Perpetua, kwa sababu amezeeka na mwenye kumzika lazima awe wa kwao. Kiingereza hajui, haya ameyatoa wapi? Lakini watu walisikiliza, na mikono ikasimama juu ya magunzi.

"Baba Frida naye alikuwepo," alikuwa akisema mara kwa mara, akimtazama, na Xavery anaguna tu.

Jumamosi moja katikati ya Novemba walifika mtoni. Perpetua aliusimulia mto ule polepole. Mwalimu alikuwa ameacha kusahihisha. Natalia alikuwa ameshika gunzi moja tangu mwanzo.

"Basi yule mama akamshika farasi masikio yote mawili," alisema Perpetua, "akamsogezea uso, akamwambia..."

"Mwongo huyo!" Xavery akadakia kutoka kule alikokaa. "Mwisho hakuuona. Tulitoka kabla!"

Kwa nini alisema vile, hajui hadi leo. Pengine aliogopa kwamba hadithi ikifika mwisho, mtu atauliza walitokaje. Watu wakacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, na Natalia alikikatiza kwa kuinama kuokota punje. Perpetua alimtazama mumewe, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia ambayo ameipita mara nyingi.

"Ni kweli," akasema. "Hatukuuona."

Akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Hakuisimulia tena ile sinema, na hakuna aliyemwomba.

*

Jumamosi ya kwanza ya Desemba mdogo wake Xavery, Akonaay, alipiga simu kutoka kijiji cha Gehandu kwamba ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Xavery alikuwa na mkono mzuri kwa mambo hayo, akaenda, akalala huko. Mvua ilinyesha usiku wote. Ndama alitoka salama. Asubuhi, wakiwa wanakunywa chai, simu zikaanza kulia: mlima umeporomoka, tope limeingia Katesh.

Alipiga simu ya Perpetua mara kumi na mara ishirini. Kisha akaanza kutembea. Alipofika Jorodom hakukuta mahali pa kusimama aseme hapa ndipo mlangoni kwangu. Kulikuwa na tope jeusi, mawe makubwa kuliko nyumba iliyokuwepo, na magogo yaliyochubuliwa maganda yote, yamelala meupe kama mifupa. Watu walikuwa wanaita majina. Na yeye akaita, mpaka sauti ikamkauka.

Perpetua alipatikana siku ya tatu, mbali sana na kwao. Frida ndiye aliyemtambua. Natalia alipona kwa kung'ang'ania mti, lakini wajukuu wake wawili, waliokuwa wamelala chumba cha nyuma, hawakupona. Mwalimu Bryson alipona, na baada ya Krismasi akapewa uhamisho kwenda kwao.

Walimzika Perpetua Gehandu, kwenye eneo la Akonaay, na Xavery akabaki huko, chumba cha pembeni. Watu walikuja kumpa pole. Kwenye matanga husemwa mema ya marehemu, na ya Perpetua yalisemwa, kwamba alikuwa mchapakazi, na sala za jumuiya hakuzikosa hata wiki moja. Lakini Natalia, aliyekuwa na misiba yake miwili na bado akaja, alisema jambo jingine. Alikaa mkekani, mguu umefungwa bendeji, akasema, "Alituacha pale mtoni."

Aliisema bila kumlenga mtu. Xavery aliinuka akatoka nje.

Tangu siku hiyo jambo lile halikumtoka. Akichunga, akila, yuko mtoni. Alijaribu kuikumbuka picha mwenyewe, akaona anachokikumbuka ni magoti yake tu, alivyoyabana. Alikaa saa nzima na zaidi karibu na mkewe, katika siku moja ya furaha ambayo mtoto wao aliwanunulia, na hakuona kitu.

*

Februari Frida alimwita Arusha. Ule ugonjwa wa mkojo ulikuwa umejulikana msibani, kwa sababu watu wengi wakilala nyumba moja hakuna kinachofichika, na binti yake alitaka aonwe na daktari. Alionwa, akapewa dawa, akaambiwa ni mambo ya umri na yanatibika. Siku iliyofuata, Frida alipokwenda zamu, Xavery alivaa koti lake la kanisani, akaenda peke yake hadi kwenye lile jengo la maduka.

Kwenye dirisha la tiketi alikuwepo binti mwenye fulana nyekundu, jina lake limeandikwa kifuani: Hilda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nataka tiketi ya ile ya farasi."

Hilda alitazama kompyuta yake. "Ya farasi? Babu, hiyo iliondoka tangu Septemba. Hapa picha zinakaa wiki mbili, tatu, zinaondoka. Sasa hivi kuna ya katuni na ya vita."

"Uliiona wewe?"

"Sisi hatuingii, babu. Tunauza tu."

"Basi hakuna anayejua iliishaje?"

Hilda hakuwa na haraka, ilikuwa asubuhi na wateja hawapo. Akaandika jina la ile picha kwenye karatasi, akampa. Kisha akamwita mwanamke wa makamo aliyekuwa anasukuma ndoo ya kupigia deki. "Mama Konsolata, wewe si ndiye unayeingia kule watu wakitoka? Msaidie huyu babu."

Konsolata alimsikia Xavery anavyosema Kiswahili chake, akatabasamu, akamsalimu Kiiraqw. Alikuwa mtu wa Mbulu, alimfuata mumewe Arusha zamani. Xavery aliposikia lugha yake mahali pale, aliitikia salamu mara mbili. Konsolata akaegesha ndoo yake, akafungua mlango wa ukumbi namba tatu, ule ule wa picha ya farasi. Taa zilikuwa zimewashwa. Bila giza lile ulikuwa ukumbi mdogo tu, na zulia lilikuwa na madoa.

"Mimi picha sizioni, baba," alisema. "Mimi nasikia tu wanachosema wakitoka. Nasimama hapa na fagio, wao wanapita."

"Ile ya farasi walisemaje?"

Konsolata akafikiri. "Ile watu walikuwa wachache. Wengine walisema ni ndefu. Kijana mmoja alisema amepoteza hela yake, bora angetazama mpira. Wengi walilalamika baridi, na hilo la baridi wanalalamika kila siku, hata kwenye kitabu cha maoni pale nje, hakuna anayelisoma. Kulikuwa na mama mmoja alibaki kwenye kiti mpaka nikamaliza kufagia safu zote. Nikamwambia, mama, tunafunga. Akasema, subiri kidogo."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Amekaa tu."

Xavery alitafuta safu yao, akaipata kwa kukisia, akakaa. Konsolata alianza kuokota bisi chini ya viti. Hakumwuliza kitu, na labda ndiyo sababu Xavery alisema. Alimwambia yote: soda, magoti, maneno aliyomtamkia mkewe mbele za watu, ua wa michongoma, ile Jumamosi ya Novemba, tope. Aliyasema Kiiraqw, akitazama ukuta mweupe wa mbele.

Konsolata alisimama, fagio mkononi. "Pole, baba," alisema. "Pole sana." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na hakujua neno lingine, akaelekeza kidole kwenye pazia la pembeni. "Lakini choo ni hapo hapo, nyuma ya hilo pazia. Hatua kumi. Ungekwenda ukarudi, yeye angebaki anatazama."

Xavery aliinuka, akaenda kuona. Milango miwili, kwenye mmoja kichoro cha mwanamume. Hakuingia. Aliweka mkono kwenye ule mlango muda mrefu.

*

Jioni alimpa Frida ile karatasi. Frida aliisoma, akamtazama baba yake. Akatafuta kwenye simu, akaipata.

"Nianzie mwanzo?"

"Anzia mtoni."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Walikaa kitandani kwa Frida, simu imeegemezwa kwenye mto. Yule mwanamke hakumshika farasi masikio wala hakumwambia neno. Alimvua hatamu, akampiga kofi dogo ubavuni, na farasi akavuka barafu peke yake, taratibu, akawa mdogo, akapotea kwenye weupe. Mwanamke akakaa chini. Theluji ikaanza kumwangukia mabegani, na yeye hakuipangusa. Halafu yakaja majina ya watu, marefu, yanapanda.

"Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo, baba."

Xavery alitikisa kichwa. "Mama yako asingemwacha yule mwanamke pale. Kwenye barafu vile, peke yake."

"Angemfanya nini?"

Miaka thelathini na nane Xavery aliishi na Perpetua, na hajui angemfanya nini. "Alikuwa anataka kusema," alisema. "Nilimkatiza." Frida alizima simu, akamshika mkono, na wakakaa hivyo bila kuwasha taa.

*

Aliporudi, alishuka Katesh kabla ya kwenda Gehandu. Natalia alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa mji, mbali na mlima, akikaa na dada yake. Xavery aliwakuta wanachambua maharage kibarazani. Wakasalimiana, wakaulizana hali, akapewa kigoda. Alizungusha kofia mikononi kwa muda.

"Shemeji," alisema, "ile siku nilimwita Mama Frida mwongo. Hakuwa mwongo. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilibanwa na mkojo, nikaona aibu, nikasingizia upuuzi."

Natalia aliendelea kuchambua. "Tulijua," alisema.

"Mlijua nini?"

"Alituambia wiki ile ile mliyorudi, kabla ya yote. Alisema, Baba Frida anaumwa na hataki kusema, jamani msimtajie, atajisikia vibaya. Ndiyo maana tulicheka ulipodakia. Halafu tukaona aibu kwamba tumecheka."

Gari la mchanga lilipita barabarani, likatimua vumbi, dada yake Natalia akafunika ungo kwa khanga mpaka lilipotulia.

"Nimeuona mwisho," Xavery alisema hatimaye. "Frida amenionyesha." Akawaeleza: hatamu, kofi, farasi kupotea, mwanamke kukaa chini.

Natalia alisikiliza mpaka akamaliza. "Sawa," alisema. "Huo ni wa Wazungu. Wa kwake alikuwa nao tayari, aliniambia kisimani asubuhi ya ile Jumamosi uliyodakia, leo nawamalizia. Nikamwambia nidokeze. Akasema hapana, ngoja jioni."

"Na baadaye hukumuuliza?"

"Tulimwonea haya, shemeji. Tukasema ataumaliza mwenyewe akipenda. Tulidhani muda upo."

Dada yake Natalia aliingia ndani kuchemsha chai. Xavery aliweka kofia yake chini, akasogeza kigoda, akaanza kutoa mawe na punje zilizooza, na mbovu akazitupia kuku. Walifanya kazi hivyo mpaka chai ilipoletwa.